Vibao Sita vya Himid

"Nilikwambia mistari, wifi. Sikukwambia maua."

Kazija alisema hivyo bila ya kupandisha sauti, na hilo ndilo lililomchoma Mwanamize zaidi. Mtu akikupigia kelele, unajua pa kumshikia. Kazija alikaa tu mkekani, kibao cha shaba mkononi, chipu iliyo juu yake inanuka kama kwato iliyotupwa motoni, akasema kama anayeuliza bei ya dagaa.

"Mistari si nimeichora?" alijibu Mwanamize. "Hesabu. Yote ipo."

"Ipo. Na hiki ni nini?"

"Kikonyo."

"Cha nini?"

"Cha ua. Pale palikuwa patupu. Mkono wangu mimi haupiti pahala patupu ukapaacha. Miaka ishirini na mbili nachora maharusi, Vitongoji hii mpaka Chake, hajatokea aliyesema kikonyo changu kimezidi."

"Bi harusi hatiwi betri ya honda."

Mwanamize alitaka kucheka, akajizuia. "Basi mimi ndiye niliyekiunguza kidude chako?"

"Si changu. Cha marehemu."

"Usinambie marehemu. Yule alikuwa kaka yangu kabla hajawa mume wako." Akakunja buibui lake, akachukua kichupa chake cha rangi ya kucha, akatoka. Mlangoni akageuka. "Tafuta mkono mwengine. Tafuta mkono usiojua kitu, ndio utakaokufaa."

Kazija akabaki na kibao. Hakukasirika. Hakuhuzunika pia. Siku ya sabini na moja hiyo tangu Himid afe, na tangu siku ya kwanza kifua chake kilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: unauona ni wako, unaugusa, haukujibu.

Tuseme hicho kibao ni nini, asije mtu akadhani watu wazima wawili waligombana kwa mchezo wa watoto. Ni kibao cha ukubwa wa kiganja, upande mmoja kimepakwa shaba. Juu yake hukaa chipu moja yenye miguu ishirini na minane. Ukiiunganisha na kompyuta ukaiandikia maagizo, huyashika, hata ukiichomoa hayatoki: washa taa ya kwanza, hesabu mpaka tatu, izime, washa ya pili. Wanafunzi hujifunzia hapo umeme na namna ya kuuamrisha. Vinauzwa kutoka nje vya namna hiyo, vizuri tu, ila bei yake ni ya mwenye mshahara, na kila kitu kimebanwa mpaka mtoto haoni umeme unaingilia wapi wala unatokea wapi. Himid, fundi redio wa Vitongoji, alitaka kuunda chake. Kiwe kikubwa, mistari ionekane kwa macho, kikiungua kitu unakitoa unatia kingine. Mwalimu Nyange, anayesomesha fizikia sekondari, akamletea chipu sita alizopewa na mgeni mmoja kwa ajili ya wanafunzi, na zote zilikwisha kutiwa ile programu ya mwanzo ambayo bila yake chipu haisikii neno. Himid akasema, "Mwalimu, chipu sita, vibao sita. Nipe mpaka mwezi ujao."

Mwezi ujao hakuufika. Masika yale, Jumanne moja, alirudi msikitini alfajiri, akakaa barazani kuvua viatu. Kiatu kimoja alikivua.

Maiti ilipotolewa uani, kabla ya kubebwa, aliulizwa kila aliyehudhuria kama kawaida: mwenye kumdai marehemu ajitokeze, ama alipwe ama asamehe. Kazija alisikia yote akiwa ndani na wanawake. Muuza duka alijitaja, akasamehe. Muuza betri akajitaja, akasamehe. Tena ikatoka sauti nyembamba ya Mwalimu Nyange.

"Mimi namdai vibao sita."

Watu wakanong'ona. Vibao vya nini, vya mbuzi? Shehe akamuuliza, "Unasamehe, Mwalimu?"

Kazija alimsikia akikohoa.

"Ningekuwa na uwezo ningesamehe sasa hivi," Mwalimu alisema. "Lakini chipu zile si zangu. Ni za wanafunzi, na wanafunzi hawapo hapa. Siwezi kusamehe cha watu."

Wapo waliomlaani moyoni, na wapo waliomlaani kwa mdomo. Kazija hakumlaani. Ndani ya lile shimo alilokuwemo, hicho ndicho kitu pekee kilichokuwa na pembe za kushika. Himid amelala na deni la vibao sita, na hakuna mwengine mjini anayejua hata kibao kinaanza wapi. Yeye anajua. Alisoma mpaka darasa la saba basi, lakini kwa miaka kumi na tisa alikaa ubavuni kwa yule mwanamme, hawana mtoto wa kuwashughulisha, akishika tochi, akichomelea, akisoma kwa sauti rangi za rezista, vile vidude vidogo vya kuukaba umeme, ili Himid asitoe macho kwenye kazi.

Basi akaketi eda yake ndani ya chumba cha kazi, redio za watu ukutani, daftari la Himid mapajani.

Wanawake waliokuja kumkalia hawakupenda. Bi Mjaka, jirani, shangazi wa kila mtu, alikuwa akimtazama macho yake makavu, kisha vidole vyake.

"Hujalia bado, mwanangu?"

"Bado."

"Utakuja kulia."

"Labda."

"Na hiyo harufu ya moto ni ya nini?"

"Risasi ya kuungia waya. Nachomelea."

"Mwenzio akiwa eda husoma, anavuta tasbihi."

"Nasoma, Bi Mjaka. Nikimaliza nachomelea."

Sasa, kibao hakiundwi kwa kuchomelea tu. Kwanza unachora juu ya shaba njia zote za umeme, kwa kitu ambacho dawa ya kula shaba haikili. Ukikitia ndani ya dawa, shaba iliyo wazi inaliwa yote, ikabaki ile iliyofunikwa, na hiyo ndiyo mistari yako. Himid alikuwa na kalamu ya wino usiotoka, nayo ilikwisha kukauka. Ikaletwa nyengine kutoka Chake. Dawa ikaila pamoja na shaba, ikabaki sahani tupu. Kinachohimili dawa ile ni rangi ya kucha. Lakini mwenye eda hajipambi, hajitii manukato, na Bi Mjaka yupo hapo kila alasiri anahesabu vidole. Tone moja jekundu kwenye ukucha wa Kazija lingefika Tumbe, mwisho wa kisiwa, kabla ya magharibi, na kila atakayelipokea angeliongezea tone jengine. Ndipo alipomwita wifi yake. Hapana mkono uliotulia kama wa Mwanamize kisiwa kizima. Anachora piko, ile rangi nyeusi ya maharusi, mstari mwembamba kama unywele, huku bi harusi anapiga chafya.

Na ndivyo lilivyoingia ua.

Betri ya honda, hiyo ndiyo ya kuwashia vibao, ina volti kumi na mbili. Chipu hutaka tano, haitaki sita. Katikati hukaa kidude cha miguu mitatu, kazi yake kuupunguza umeme. Uingie kwa nguvu, utoke na adabu. Kikonyo cha Mwanamize kilitoka mstari wa kabla ya kidude kikaenda kuegemea mstari wa baada yake, kizuri, kimepinda kwa madaha. Umeme ukaona njia ya mkato, ukaishika. Chipu moja kati ya sita ikafa.

Siku tatu Mwanamize hakutia mguu. Siku ya nne Kazija alisimama mbele ya ukuta, akaitazama mita ya Himid iliyotundikwa msumarini. Himid alikuwa na taratibu zake. Kibao kikitoka kwenye dawa, usikitie chipu. Kipime kwanza, mstari na mwenziwe, mstari na mwenziwe, mpaka ujue nani kashikana na nani. Kisha kitie umeme kikiwa kitupu. Kisha ndiyo chipu. Alilijua hilo kama anavyojua rakaa za adhuhuri.

Na siku ile hakupima. Aliliona lile ua vilevile. Aliliona wazi, juu ya shaba, akaliona zuri, akatia umeme. Hakuna kilichomshtua ndani. Kikonyo kimelala juu ya njia ya umeme, na yeye anakitazama kama anayetazama mvua kwa dirisha.

Akachukua simu.

"Mwanamize. Njoo."

"Nije nifanyeje?"

"Kosa langu."

"Sema tena, nasikia vibaya."

"Umesikia."

Mwanamize alikuja na bakuli la mchuzi wa pweza, maana hakutaka kuonekana amekuja mikono mitupu kuchukua ushindi. Wakala. Kazija alikula kama anayejaza mtungi.

"Mchuzi una chumvi?" aliuliza Mwanamize.

"Sijui."

Mwanamize akamtazama. "Hata hilo hujui."

"Nilikiona kile kikonyo, wifi. Kabla sijatia umeme. Nilikiona nikakinyamazia."

"Kwa nini?"

"Nilikiona tu."

Mwanamize akaweka kipande cha pweza upande wa Kazija wa sahani. Baadaye akavuta daftari la Himid. "Haya nionyeshe. Kwa nini hamtaki kujaza? Mnakwenda kulisha dawa shaba yote hii. Dawa mnaipata bure?"

Kazija akasimamisha mkono hewani.

Ilikuwa kweli. Dawa ilibaki chupa moja na nusu. Kila palipo patupu ndipo dawa inapofanya kazi ya bure. Na ule upande hasi, umeme unaporudia betri, unatakiwa kufika kila pembe ya kibao. Himid alikuwa akiuzungusha kwa mstari mwembamba unaopinda mara kumi na moja. Kumbe haukuhitaji mstari. Ungeweza kuwa uwanja wenyewe.

"Jaza," alisema. "Pote palipo patupu, jaza. Shaba yote hiyo itakuwa hasi. Lakini baina ya ujazo wako na mstari wangu acha punje ya mchele. Punje nzima, wifi, si nusu."

"Na maua?"

"Yachonge ndani ya ujazo. Ukitoboa mle hapana anayeumia."

"Kumbe ulikuwa unajua pa kuniweka, ukaniacha nikaharibu."

"Sikuwa najua. Umenambia wewe sasa hivi."

Wakafanya kazi siku kumi. Kazija alitoa vitu. Himid alikuwa ametia king'ora, kipima joto, soketi mbili za ziada. Alikuwa mtu wa kuongeza, hata chai yake ilikuwa na viungo vinne. Kazija akavifuta vyote. Vikabaki taa nane, vitufe viwili vya kubonyeza, safu ya vitundu pembeni mtoto achomeke atakacho, na kila kitundu kimeandikwa kwa mkono wa Mwanamize: INGIA, TOKA, HASI. Mistari akaipanua. Akaipindisha pale tu ambapo haikuwa na budi. Alipomaliza alikitazama akaona kinamwambia hata asiyesoma: umeme unaingilia hapa, unapita hapa, unafika hapa. Himid angekibishia kwa saa nzima, kisha angekichukua kwenda kuwaonyesha watu msikitini. Alilifikiri hilo, likapita, halikugusa mahali.

Safari hii alipima. Mstari na mwenziwe, mstari na mwenziwe, vibao vitano, Mwanamize akimwandikia.

Ikabaki kuvijaribu kwa kompyuta, na kompyuta ni ya Mwalimu Nyange. Mwanamme wa kando na mwanamke wa eda chumba kimoja, Bi Mjaka angeanguka pale pale. Basi Mwalimu akakaa barazani, kompyuta mapajani. Pazia likateremshwa mlangoni. Waya ukapita chini ya pazia, kompyuta upande wake, kibao upande wa Kazija. Mwanamize akakaa kizingitini, nusu huku nusu kule, kama afisa wa forodha.

"Bi Kazija, nimetuma," alisema Mwalimu nje ya pazia. "Taa ya kwanza imewaka?"

"Imewaka."

"Na ya pili?"

"Ya pili. Ya tatu. Zinafuatana. Ya nne hii." Sauti yake ile ile ya bei ya dagaa. "Zimefika nane, zimeanza tena."

Mwalimu alikohoa, akafuta miwani, akakohoa tena. Ndiye aliyetikisika siku ile.

"Zinakwenda mbio," alisema Kazija. "Mtoto hatoziona. Iambie ingoje kidogo."

"Hapo nabadilisha nambari tu. Mia iwe mia tano."

"Nisomee ulichoandika."

Akamsomea, neno kwa neno. Kazija akaandika kwenye daftari la Himid, ukurasa wa mwisho uliokuwa mtupu, akauliza hili lina kazi gani na lile lina kazi gani, mpaka Mwanamize akalalamika mgongo unamuuma kwa kukaa mpakani. Vibao vyote vitano viliwaka.

"Alhamdulillahi," alisema Mwalimu. "Deni limekwisha."

"Vitano hivi."

"Najua."

"Alidaiwa sita."

"Bi Kazija, nani atahesabu?"

"Wewe ulihesabu, mbele ya maiti."

Mwanamize akainamia kucha zake.

"Nitauza redio yangu," alisema Kazija. "Uagize chipu nyengine Dar."

"Za dukani huja tupu. Ile programu ya mwanzo inatiwa kwa kifaa maalumu, na mimi sina, wala simjui aliye nacho kisiwani hapa. Ningejua ningekwisha kwenda."

"Basi waulize wenyewe. Si ulisema ni za wanafunzi? Waulize wanafunzi."

Wiki iliyofuata Mwalimu alirudi na karatasi, akaipitisha chini ya pazia pale ulipopita waya. Majina yalipangwa moja chini ya jengine, kila moja na sahihi yake, nyengine zimechorwa kama za mawaziri. Juu Mwalimu aliandika kwa hati ya ubaoni: *Sisi wanafunzi wa kidato cha pili tumemsamehe marehemu fundi Himid kibao kimoja.*

Kazija akahesabu kwa kidole. "Darasa lina wangapi?"

"Thelathini na watatu."

"Hapa wapo thelathini na wawili."

"Mmoja hakuja skuli. Wa Pujini, Siti Hamad. Ndio karafuu zimeanza, Bi Kazija, wengi hawatoonekana mpaka zishe. Mmoja tu."

"Ahsante, Mwalimu. Karatasi niachie."

Eda ikaisha, siku mia moja na thelathini kamili. Wanawake wakamuogesha, wakamvisha nguo nyengine, wakamtia udi, na Bi Mjaka akalia kwa niaba yake, maana mwenyewe hakutoa chozi. Kesho yake asubuhi Kazija alipanda honda ya kukodi kwenda Pujini. Mjane wa jana, nyuma ya mwenye honda, hana wa kumsindikiza. Bi Mjaka alisimama barabarani akaitazama ile honda mpaka ikapotea, na chakula cha mchana siku ile kwake kilichelewa.

Pujini nyumba zote zilikuwa na karafuu mbele, zimetandazwa juu ya majamvi, na harufu imesimama njia nzima. Kazija aliuliza mara mbili, akaonyeshwa. Msichana wa miaka kumi na minne amekaa jamvini na bibi yake, wanachambua.

"Hodi. Wewe ndiye Siti Hamad?"

"Ndiye mimi. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi ni mke wa Himid, fundi redio wa Vitongoji. Mume wangu alifariki na deni lenu, vibao sita vya kujifunzia umeme. Vitano nimevitoa. Cha sita nilikiunguza mimi kwa uzembe wangu. Wenzako wamesamehe. Umebaki wewe."

Msichana akamtazama bibi yake.

"Usinitazame mimi," alisema bibi. "Nadai nini mimi? Unaulizwa wewe."

Siti akaendelea kuchambua kidogo. "Hivyo vitano vinawaka?"

"Vinawaka."

"Vinafanya nini?"

"Vina taa nane. Zinafuatana. Ukitaka zirudi nyuma unaandika, zinarudi."

"Basi?"

"Mengine mtaviambia nyinyi."

"Tuko thelathini na watatu." Vidole havikusimama, karafuu huku, vijiti huku. "Vitano, maana yake kila kibao watu sita, saba. Vingekuwa sita tungekuwa watano, sita."

"Ndivyo."

"Sasa umenipunguzia zamu."

"Nimekupunguzia," alisema Kazija.

Bibi akafungua mdomo, Kazija akamwinulia mkono kidogo: mwache. Hakuwa na la kumbembelezea. Alisimama juani na mkoba wake, akangoja. Mwenye honda alizima mashine. Msichana akafikia mwisho wa fungu lile, akalisukuma kando, akavuta jengine.

"Nimesamehe," alisema.

"Mtaje," alisema bibi yake. "Hivyo hasamehewi mtu."

"Nimemsamehe fundi Himid kibao kimoja. Kwa moyo safi."

Kazija alingoja aone kama kuna kitu kitainuka kifuani. Hakikuinuka. Akafungua mkoba, akatoa karatasi, akaitandika juu ya jiwe la kibarazani, na kalamu juu yake.

"Tia sahihi yako hapa. Nambari thelathini na tatu."

Siti akafuta mikono kwenye kanga, akaandika jina lake lote, polepole, na la baba yake, na la babu yake.